Kuchagua Vifaa vya Kurekodi Video kwa Biashara Ndogo: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Handeni na Korogwe

Utangulizi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na usemi huo ulikuwa na nguvu yake yote katika soko ambalo mnunuzi aliweza kufika mwenyewe, akaishika bidhaa na kuikagua kwa macho. Hali ni nyingine kwa mfuga nyuki wa Handeni ambaye mteja wake mkubwa yuko Dar es Salaam, au kwa kikundi cha akina mama wa Korogwe kinachosuka vikapu vya mkonge na kuviuza Tanga na Arusha, kwa kuwa bidhaa yao inaweza kuwa nzuri na bado isijiuze, kwa sababu tu mnunuzi haioni. Video fupi inayotumwa kwa WhatsApp, au inayowekwa Instagram, TikTok na Facebook, huiweka bidhaa hiyo mbele ya macho ya mtu aliye mbali, na ndiyo maana uchaguzi wa vifaa vya kuirekodi umekuwa sehemu ya mtaji wa biashara kama ilivyo mizani au meza ya kupangia bidhaa.

Mwongozo huu unasimamia hoja moja, ambayo sehemu zote zinazofuata zinaifafanua: mfanyabiashara mdogo mwenye simu janja inayofanya kazi vizuri atumie fedha yake ya kwanza kwenye sauti, ya pili kwenye utulivu wa picha, ya tatu kwenye mwanga, na kamera aiache iwe ya mwisho. Picha yenye upungufu kidogo huvumiliwa na mtazamaji, ilhali maneno yasiyosikika humfanya aiache video kabla hajaijua bei wala mahali pa kuipata bidhaa. Wengi hufuata mpangilio wa kinyume, wakamaliza fedha yote kwenye kamera, kisha wakarekodi video nzuri kwa macho ambayo sauti yake imemezwa na ngurumo za malori.

Kuijua kazi kabla ya kukijua kifaa

Kifaa huchaguliwa kutokana na kazi, na kazi za video katika biashara ndogo ni za aina tatu. Ya kwanza ni kuonyesha bidhaa yenyewe, kwa mfano gunia la machungwa, kitanda cha mbao au kitenge kilichoshonwa. Kazi hii hutegemea zaidi mwanga na uwezo wa lenzi kuona vizuri kwa karibu. Ya pili ni maelezo ya mtu, kama muuza pembejeo anayeeleza namna ya kutunza mbegu za mahindi, na hapo sauti hutangulia kila kitu. Ya tatu ni kuonyesha mahali au huduma, kama nyumba ya wageni ya Mombo au mgahawa wa Segera, kazi inayohitaji kutembea na kamera bila picha kutikisika. Mfanyabiashara aandike kwanza video tano anazokusudia kuzitengeneza katika mwezi mmoja, aone nyingi zinaangukia aina gani, na orodha hiyo ndiyo imwongoze dukani badala ya sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Jambo jingine la kuamua mapema ni umbo la picha. WhatsApp Status, TikTok na video fupi za Instagram hutazamwa simu ikiwa imesimama, yaani kwa uwiano wa 9 kwa 16, wakati YouTube na skrini za televisheni hutumia picha ya kulala ya 16 kwa 9. Mtu ambaye wateja wake wote wako WhatsApp hana sababu ya kununua kishikio kisichoweza kuisimamisha simu wima.

Sauti

Barabara kuu itokayo Chalinze kuelekea Moshi na Arusha hupita Mkata, Kabuku, Michungwani, Segera, Korogwe na Mombo, na biashara nyingi ndogo za wilaya hizi zimejipanga kandokando yake, wakiwemo wauzaji wa machungwa ambao meza zao ziko hatua chache tu kutoka kwenye lami. Lori linapopunguza mwendo na kubadili gia, maiki iliyo ndani ya simu hupokea mngurumo huo pamoja na sauti ya muuzaji bila kuvitofautisha, na muuzaji akinyamaza kidogo, simu hujiongezea usikivu yenyewe na kuukuza mngurumo zaidi. Tatizo hili haliondolewi na simu ya gharama kubwa, kwa sababu chanzo chake ni umbali kati ya mdomo na maiki. Mahali pa wazi, nguvu ya sauti inayokifikia kipaza sauti hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kwa hiyo maiki iliyobanwa kifuani, sentimita 20 kutoka mdomoni, hupokea sauti ya msemaji kwa nguvu mara 100 kuliko simu iliyo umbali wa mita 2, huku kelele ya barabara ikibaki ileile.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza kununuliwa ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Ya waya ndiyo nafuu na haihitaji kuunganishwa kwa mawimbi. Mfano unaofahamika sana ni Boya BY-M1, yenye waya wa mita 6 na swichi ya kuchagua kati ya simu na kamera. Mnunuzi atazame pini yake: pini ya milimita 3.5 yenye mistari mitatu myeusi hutengenezwa kwa ajili ya simu, na yenye mistari miwili kwa ajili ya kamera. Simu isiyo na tundu la pini hiyo huhitaji kiunganishi cha Type-C, au cha Lightning kwa iPhone zilizotangulia toleo la 15, na kiunganishi hicho sharti kiwe kile kinachopokea sauti ya maiki, kwa kuwa vipo vinavyotoa sauti ya spika za masikioni tu.

Maiki isiyo na waya, inayotumia kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye simu, humfaa anayetembea shambani au anayerekodi akiwa mbali na simu. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi, hivyo zinaweza kukatika mahali penye vifaa vingi vya mawimbi, na betri zake huhitaji kuchajiwa kila baada ya saa chache. Kwa vyovyote vile, maiki iwe na kofia ya sponji au ya manyoya, kwani upepo ukiipiga maiki iliyo wazi hutoa mvumo ambao hakuna programu inayouondoa kikamilifu.

Stendi na utulivu wa picha

Stendi ya miguu mitatu, ambayo wapiga picha huiita tripodi, huachia mikono yote miwili ya muuzaji ifanye kazi ya kuonyesha bidhaa, na kwa mtu anayefanya biashara peke yake hiyo ni faida kubwa kuliko utulivu wenyewe wa picha. Stendi nzuri hutambulika kwa mambo yanayopimika dukani: isimame imara ikiwa imenyanyuliwa hadi usawa wa kifua, vifungo vya miguu visiteleze inapokandamizwa kidogo, kishikio cha simu kigeuke wima na kulala, na kichwa chake kiwe na skrubu ya robo inchi, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida duniani kote na huiwezesha stendi hiyo kubeba kamera siku itakaponunuliwa. Stendi nyepesi huangushwa na upepo wa gari linalopita. Mfuko wa mchanga ukining'inizwa katikati ya miguu hutosha kuizuia.

Gimbo, yaani mkono wenye injini ndogo zinazoituliza simu wakati mtu anatembea, linafaa kwa wenye nyumba za wageni, madalali wa viwanja na mafundi ujenzi, ambao video zao huhitaji kupita chumba hadi chumba. Muuza bidhaa za mezani hana haja nalo. Kabla ya kulinunua, ni vyema kukagua kama simu ina utulizaji wa ndani, ambao katika simu bora hufanywa na lenzi inayojisogeza yenyewe, na katika simu za kawaida hufanywa na programu inayokata kingo za picha.

Mwanga

Miji ya Handeni na Korogwe iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na kutokana na hali hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine pia hubaki juu sana. Mwanga unaoshuka wima hutia kivuli kizito machoni na chini ya pua, na hufanya rangi ya bidhaa ifubae. Video za nje zirekodiwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni hadi karibu na magharibi, na anayelazimika kurekodi mchana ahamie barazani, asimame kivulini uso wake ukielekea nje kwenye mwanga. Udongo mwekundu wa Handeni una tabia ya kurudisha mwanga wenye wekundu kwenye nguo nyeupe na kwenye nyuso. Shuka jeupe likitandazwa chini, mbele ya msemaji na nje ya picha, huondoa wekundu huo na papo hapo hulainisha vivuli. Kifaa hicho hakina gharama, na mara nyingi huzidi taa ya betri katika kazi ya mchana.

Bidhaa zinazopitisha mwanga zina kanuni yake. Chupa ya asali ikimulikwa kwa mbele huonekana nyeusi, lakini ikiwekwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea nyuma kidogo kwa ubavuni, na karatasi nyeupe ikisimamishwa upande wa pili, rangi yake ya dhahabu na usafi wake huonekana wazi, na mnunuzi aliye Dar es Salaam huona kile ambacho angekitafuta kwa kuiinua chupa juani. Kikapu cha mkonge huhitaji kinyume chake: mwanga wa kutoka ubavuni pekee, unaoonyesha kila msuko na kivuli chake.

Anayerekodi ndani au usiku anunue taa ya LED yenye uwezo wa kupunguzwa na kuongezwa. Taa ya duara inamfaa msusi au mpambaji anayeonyesha uso. Taa bapa ya mstatili inafaa zaidi kwa bidhaa, kwa sababu haiachi alama ya duara kwenye vitu vinavyong'aa. Vipimo viwili visomwe kwenye boksi. Cha kwanza ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, ambapo 5600 hukaribia mwanga wa mchana na 3200 ni manjano ya balbu ya zamani. Taa mbili zenye vipimo tofauti zisichanganywe katika picha moja. Cha pili ni CRI, kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoishia 100, na muuza vitenge au vyakula asikubali taa iliyo chini ya 90.

Lipo tatizo moja linalowasumbua wengi bila kujua chanzo chake, nalo ni mistari myeusi inayopanda au kucheza kwenye video zilizorekodiwa chini ya taa za umeme. Umeme wa gridi nchini Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, wakati simu nyingi zimepangwa kurekodi fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, 30 kwa sekunde. Hesabu hizo mbili hazilingani, na tofauti yake ndiyo inayoonekana kama mistari. Dawa ni kurekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde: kwenye iPhone mpangilio huo hupatikana kwa kuwasha chaguo la PAL katika mipangilio ya kamera, na kwenye baadhi ya simu za Android hupatikana kwa programu ya bure kama Open Camera.

Simu au kamera

Simu yenye uwezo wa kurekodi 1080p, maana yake picha ya pikseli 1920 kwa 1080, inatosha kwa video ambayo itatazamwa kwenye simu nyingine. 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya hizo, na faida yake kubwa kwa biashara ndogo ni kumwezesha mhariri kukata sehemu ya picha na kuisogeza karibu bila ubora kuharibika. Gharama yake ni nafasi: kwenye iPhone, kwa mfumo wa kawaida wa H.264 na fremu 30, dakika moja ya 1080p huchukua takriban megabaiti 130, na dakika moja ya 4K takriban megabaiti 350, kwa hiyo dakika 10 za 4K humaliza gigabaiti 3.5 kabla ya uhariri kuanza. Kwa mwenye simu ya gigabaiti 64 iliyojaa picha za familia na mafaili ya WhatsApp, 1080p ndiyo chaguo la busara, na bando la kupakia video mtandaoni litamshukuru.

Anayebadili simu kwa ajili ya video asihadaike na idadi ya megapikseli, ambayo huhusu zaidi picha mnato. Aangalie ukubwa wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, kwa kuwa kikubwa huona vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu. Aangalie utulizaji wa picha. Na ajaribu kamera ya nyuma, ambayo karibu siku zote ni bora kuliko ya mbele.

Kamera huja baada ya hayo yote, pale biashara inapohitaji kurekodi mara kwa mara kwenye mwanga mdogo au kutenga bidhaa na mandhari iliyofifia nyuma yake. Sharti la kwanza ni tundu la maiki. Canon EOS 2000D na Nikon D3500, ambazo huuzwa sana zikiwa zimetumika, hazina tundu hilo, na hivyo haziifai kazi ya mtu anayezungumza. Canon EOS 250D, Canon EOS M50 na Sony ZV-E10 zinalo. Katika kamera iliyotumika, lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma ili kuona kama ina ukungu, tatizo la kawaida kwa vifaa vilivyohifadhiwa mahali penye unyevunyevu kama bonde la Mto Pangani. Mahali ambapo kamera itatumika siku chache tu kwa mwaka, kumkodi mpiga picha wa harusi wa mjini kwa siku ya katikati ya wiki, wakati hana shughuli, huwa nafuu kuliko kuimiliki.

Kumbukumbu, umeme na utunzaji

Kadi ya kumbukumbu ya video iwe na alama ya V30 au U3, inayothibitisha kuwa inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi bandia ni nyingi sokoni, na huonyesha ukubwa ambao hazina; njia ya hakika ya kuzigundua ni kuijaza kadi yote kwa mafaili na kuyafungua tena kabla ya kuitegemea. Nakala ya kila video ihifadhiwe mahali pengine siku hiyohiyo.

Kwa kuwa umeme hukatika, pawabenki ya mAh 10,000 inatosha kuichaji simu ya kawaida mara moja na nusu hadi mara mbili. Joto nalo lizingatiwe: Apple hushauri iPhone itumike katika joto la nyuzi 0 hadi 35, na simu iliyoachwa juani mchana wa Januari au Februari hujizima au kusitisha kurekodi. Vumbi lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya lenzi kufutwa kwa kitambaa laini, kwa sababu chembe za mchanga zikisuguliwa kwa upindo wa khanga huchora kioo. Wakati wa masika, vifaa vikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Kununua na kukagua

Bidhaa za Kariakoo hufika Korogwe na Handeni kwa basi ndani ya siku moja, na bei yake huvutia, lakini kifaa kilicholipiwa kwa simu bila kujaribiwa ni kigumu kukirudisha. Tofauti ndogo ya bei isimtoe mnunuzi kwenye duka la karibu linalokubali kurudishiwa. Akiwa dukani, arekodi dakika mbili akizungumza karibu na mlango unaotazama barabara, asikilize kwa spika za masikioni badala ya spika ya simu, kisha aisogeze bidhaa ndogo taratibu kuelekea lenzi aone kama picha inabaki kali. Kwa simu, apige *#06# kupata namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inayoonyesha kama simu ni halisi. Itakumbukwa kuwa simu bandia zilizimwa nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Risiti ya EFD idaiwe, kwani ndiyo ushahidi wa kwanza wa waranti.

Vikundi visivyo na mtaji vinaweza kununua seti moja kwa pamoja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo mahali pa kuulizia.

Haki za wengine

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu pia sura ya mteja. Ridhaa yake iombwe kabla ya kumtangaza, na ya mzazi iombwe kwa mtoto. Wimbo wa msanii una hakimiliki hata ukiwa umeenea mitaani. Ndege ndogo isiyo na rubani hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na fundi anayekodiwa kuirusha aulizwe kibali chake kabla ya kulipwa.

Hitimisho

Mfanyabiashara wa Handeni au Korogwe mwenye simu yake, maiki ya kubana, stendi imara na shuka jeupe anavyo vifaa vyote vya kuanzia. Atengeneze video kumi kwa vifaa hivyo, kila moja ikitaja bidhaa, bei, mahali na namba ya simu, na awaulize wateja wapya walimjulia wapi. Wakisema ni kwenye video, mauzo yenyewe yanunue taa, na baadaye kamera. Wasiposema hivyo, kasoro iko kwenye ujumbe, na hakuna kamera itakayoirekebisha. Fedha iliyosalia irudi kwenye ubora wa bidhaa, kwa maana video njema huleta mteja mara moja, lakini bidhaa njema ndiyo inayomrudisha.